Usimwite Marehemu

Kitengela,
Jumatatu ya Pasaka

Mama yangu mpendwa,

Je, goti limekubali kupanda kilima tena, au bado unakwenda kanisani kwa bodaboda kama bibi harusi? Mimi ni mzima, Mungu ananishika. Naandika kwa sababu kwenye simu nikifika penye neno lenyewe nalia, nawe unalia, na pesa za simu zinaisha kabla hatujasema kitu. Shemeji Nafula atakusomea polepole.

Habari za huku ni upepo na vumbi. Maji tunanunua kwa mitungi, lakini vumbi tunaletewa bure hadi kitandani. Walimu wenzangu kule Kajiado ni watu wa heshima, ila hunicheka kila nikinunua kuku. Wanasema huyo ni ndege, si nyama. Nacheka nao. Jioni narudi hapa, nafungua mlango, na hakuna wa kumsimulia walichosema. Upweke, Mama, sikujua una uzito hivi. Tangu tumzike mwanao, mume wangu, nami nihamishiwe huku, sijakutana na mtu hata mmoja aliyewahi kumwona akicheka.

Uliniuliza kama mwezi wa nane, siku ya makumbusho yake, nitasimama kaburini nisome somo la kufufuka kwa wafu. Nilikuambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba kila Jumapili tukikiri imani, nikifika pale pa kufufuka kwa mwili, mdomo unakataa. Nawaacha wengine wapite, nawangoja kwenye Amina. Nitawezaje kusoma mbele ya mama yake jambo ambalo siwezi kulisema hata nikiwa nimejificha kati ya watu?

Sasa nikueleze juu ya Mama Naserian. Ni Mmasai anayeniletea maziwa kila asubuhi, na tunasali kanisa moja. Ananisalimu "Takwenya," najibu "Iko," na hicho ndicho Kimaasai changu chote. Naserian, aliyeolewa juzi, ni mtoto wake wa pili. Wa kwanza alifariki, nami nililijua hilo kutoka kwa jirani tu. Mwezi uliopita nikataka kumfariji kama tunavyofarijiana kwetu. Nikamwambia, "Naserian akipata kijana, mpeni jina la mjomba wake. Kwani aliitwa nani?"

Uso wake ulibadilika. Alibeba mtungi wake, hata maziwa hakunipimia, akaenda. Kumbe kwa mila yao jina la aliyekufa halitajwi tena, na mimi Mbukusu nilikuwa nataka apewe mtoto liitwe kutwa nzima! Asubuhi zilizofuata nilikunywa chai ya rangi. Mtu pekee aliyekuwa akibisha mlango wangu hakuja tena.

Jana, katika ibada ya Pasaka, mchungaji alisema anayetaka asimame ataje jina la mpendwa wake anayesubiri ufufuo. Watu wakataja. Mimi niliangalia viatu vyangu. Ndipo Mama Naserian akasimama, shanga zikimtetemeka shingoni, akasema, "Lemayian." Basi, akaketi. Wazee wawili wa kwao waligeuka kumtazama, lakini yeye aliangalia mbele tu.

Nilimfuata nje kumwomba msamaha. Akanishika mkono.

"Mwalimu, ulinikasirisha sana," akasema. "Lakini hiyo swali yako ilikataa kutoka kwa kichwa. Sisi tunaacha jina ilale na mwenyewe. Sasa nikajiuliza, Yesu akikuja kuamsha yeye, ataita namna gani? Ataita 'wewe mwenye umelala hapo'? Si Lazaro aliitwa na jina? Nikaona wacha nizoee kuita, isiwe hiyo siku mimi mama yake ndiye nimesahau."

Kisha akaniuliza, "Na wako? Wewe pia hujawahi sema."

Nilishtuka, Mama. Sisi hatuna mwiko, lakini tangu mazishi sote tunasema marehemu. Shamba la marehemu, koti la marehemu, mjane wa marehemu. Jina tulimpa mtoto wa Nafula, mwenyewe tukamwachia hilo la kila maiti. Nikasema, "Wekesa." Nikalia palepale kati ya pikipiki na wauza ndizi, na Mama Naserian akalirudia mara mbili kana kwamba alimjua.

Leo maziwa yamerudi. Nyumba bado ni tupu, sitakudanganya. Naamini kwamba ataamka, na bado usiku ni mrefu. Lakini asubuhi hii, nikichemsha maziwa, nilijaribu pale pa kufufuka kwa mwili, na mdomo haukukataa. Sauti ilitetemeka tu.

Kwa hiyo nitasoma.

Msalimie Baba mkwe, salamu za kutoka mbali kama heshima inavyodai. Mbusu Wekesa mdogo, na umwambie Nafula asimnyoe mpaka nije. Mzee wa kanisa anayefyeka majani pale kaburini, mpe mkono wangu.

Nakuomba jambo moja. Siku hiyo usimwite marehemu. Wewe ndiye uliyemwita kwanza, kabla hajajua kuitika. Mwite tena, nami nikusikie.

Mtoto wako,
Nelima wa Wekesa