Aliyewasha Kompyuta ya Misheni

Mpendwa mshauri Mama Aikande, shikamoo, naomba msaada wako na jina langu ulifiche, maana nimejiponza kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu, na masika magari yakilala huwa nashinda intaneti kafe, kwenye jukwaa la watu wa nchi mbalimbali wanaopenda kompyuta za zamani, wanabishana kutwa ipi ilitangulia na ipi ilifika wapi, na mwaka jana nami nikaandika kwamba misheni ya kwetu Qurus ilikuwa na kompyuta inayotumia umeme wa jenereta tangu 1982, na kwamba marehemu baba yangu, Yohani, ndiye aliyekuwa akiiwasha.

Mama, nilikuwa na miaka sita, na mpaka leo nikifumba macho naona ukungu umeshuka hadi dirishani, jenereta inanguruma nje, herufi za kijani zinaelea juu ya uso wa baba kana kwamba yuko chini ya maji, anatabasamu, nami sijui kama niliona au niliota, ila nikiwaandikia wale watu ni kama baba yupo bado.

Sasa bwana mmoja wa Kanada amepinga, anasema mashine ya aina ile haikufika huku kabla ya 1985, jukwaa limegawanyika, wanaonitetea wameahidi kuandika jina la baba kwenye ukurasa wao wa historia nikileta ushahidi, na mama yangu Penina ameshatangaza kwenye jumuiya, akina mama wakapiga vigelegele. Nikaenda kwa shangazi Marsela, dada yake baba, aliyekuwa mpiga chapa wa misheni, akanitolea daftari la jenereta, kila siku ya kuwasha kompyuta imeandikwa, kuanzia Agosti 1982, kumbe kila mstari una sahihi yake yeye, akacheka akasema, "We mwanangu, baba yako alikuwa anafuta vumbi na kuifunika kanga. Aliyekuwa anaiwasha ni mimi." Nimeondoka nalo, na nimewaza nipige picha ya tarehe tu, sahihi niifunike kwa kidole. Je, nitakuwa nimemkosea nani?

Dereva, Karatu, 2005

Marahaba, dereva. Ule ukungu wako umenitoa machozi, sikufichi. Kisha nikafika kwenye kidole, machozi yakakauka.

Unauliza utamkosea nani? Mwanamke aliye hai, ambaye mwaka 1982 aliketi mbele ya mashine ambayo watu wa ng'ambo wanabisha kama ilikuwepo. Hukumuuliza alijifunzaje, wala kama siku ya kwanza aliogopa. Ulichukua daftari ukaondoka. Mkanada amekosea mwaka tu, wewe unataka kumfuta mtu. Aibu!

Na baba yako hajapungukiwa kitu. Vumbi la Karatu unalijua, linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Bila yeye mashine ile isingemaliza mwezi. Uso wake ulikuwa wa kijani kwa sababu alisimama nyuma ya dada yake, akimtazama anavyofanya kazi. Hukuota, mwanangu. Uliona vizuri, ukamsahau aliyekaa kwenye kiti.

Leo hii mwambie mama yako ukweli, mwenyewe akasahihishe kwenye jumuiya. Jumapili mpelekee shangazi sukari na majani ya chai, mwache aongee mpaka achoke, nawe uandike. Halafu weka jukwaani ukurasa mzima, sahihi ionekane, useme wazi kwamba ulikosea: Marsela aliwasha, Yohani akaitunza. Watakaocheka wacheke. Majibu yao yachapishe, ukamsomee shangazi kwa Kiswahili, polepole, hapo hapo kwake. Amekaa miaka ishirini na mitatu bila kudai. Usingoje sifa zake zisomwe siku ya mazishi.