Kasketi ya Papa Aloys

Nguba, Bukavu
Tarehe 20 Julai 1976

Mpendwa mudogo wangu Virginie,

Jambo sana. Goti lako la kushoto limepona, ao ungali unapanda ile milima ya Kamituga na fimbo? Na bwana yako, papa Venant, kifua chake kinasema nini? Sisi huku tuko wazima. Mimi meno ya mbele imebaki mbili, lakini inatosha kwa bugali. Unajua sikusoma, bibi ya mwana wangu, Georgette, njo anaandika. Nimemukataza kutengeneza maneno yangu.

Shofere wa lori amenifikishia neno lako. Unataka Marcellin arudi kwenu kuchimba zahabu na baba yake, kwa sababu umesikia mutoto wako amepata haya huku kwenye mupira. Virginie, ngoja kwanza. Sikiliza mukubwa wako.

Kweli, siku ya Mungu ya tarehe ine tulipigwa, mbili kwa sifuri. Tena na watu wa Kadutu, ambao wakishinda hawanyamazi wiki nzima. Hata yule mama wa sambaza sokoni aliniongezea samaki, akasema ni za kunipa pole. Nilizichukua, lakini sikumuaga.

Magoli yote mbili ilipita juu ya kichwa ya Marcellin, gardien wetu anayelinda goli. Komite ya ekipe yetu ikakaa jioni ileile. Mukubwa wao ni Gaston. Siku hizi sherti tumuite citoyen, ni kusema mwananchi, jina la ubatizo serikali haitaki, lakini mimi nilimubeba mugongoni, kwangu iko Gaston. Akasema kosa ni langu. Mufumu wao, yule anayewapa dawa ya kushinda, alikuwa amewakataza wachezaji kushikana mukono na mwanamuke mbele ya mechi, na mimi nilikuwa nimemusalimia Marcellin.

Nikamuuliza mbele ya watu wote: «Gaston, mukono huu ulikuosha matako. Mbona haukukuharibia akili?»

Watu walicheka, lakini komite haikugeuka. Marcellin wakamuachia mechi moja tu, kwa sababu gardien mwingine alikuwa na malaria. Akipigwa tena, atolewe. Na mimi nisikanyage tena kiwanjani.

Mimi, Virginie. Tangu marehemu bwana yangu, papa Aloys, alinipeleka mara ya kwanza, mechi ya kartiye yetu ya Nguba haijanipita, hata wiki ile nilizaa Jean-Marie. Wanaume wanakwenda kule kupiga kelele na kulewa kasiksi yao ya ndizi. Mimi ninakwenda kuangalia. Ninakaa nyuma ya goli, fasi moja kila siku, ninaangalia kila mutu anaweka muguu wapi. Na siku ile tulipigwa niliona vizuri: kipindi cha pili jua ilikuwa imeshuka, inamuchoma Marcellin ndani ya macho. Kila mupira wa juu, kwanza aliinua mukono kufunika uso, kisha ndiyo akautafuta. Wanaume wote wale waliona goli. Hakuna aliyeona jua.

Basi juzi, siku ya Mungu, nikavaa kikwembe changu cha Pasaka, nikaenda. Stanislas, anayelinda mulango wa kiwanja, akanizuia. Nikamuambia kama ananitaka inje, anibebe. Akanipima kwa macho, akaona kazi ni nyingi, akageuka upande mwingine.

Kipindi cha kwanza hakuna goli. Walipobadilisha upande, Marcellin akakuja kwenye goli letu, jua mbele yake. Nikamuita. Akatazama Gaston, akanitazama mimi. Kisha mutoto wako akanyoosha mikono yote mbili.

«Mama mukubwa, unisalimie.»

Nikamusalimia polepole, kila mutu aone. Kisha nikatoa ndani ya kitunga kasketi ya papa Aloys, ile ya ushofere, nikamuvalisha. Nikamuambia asiinue tena mukono, ainamishe kichwa kidogo tu, kivuli kitafanya kazi yake.

Mipira ya juu ilikuja tano. Akaikamata yote kama mutu anachuma maparachichi. Sisi moja, wao sifuri.

Jana Gaston amefika hapa na sanduku la bati na kifuli. Anataka kufungia kasketi ndani, ati ni dawa ya ekipe, na mimi nisalimie wachezaji wote kumi na moja kila mechi. Nikamuambia mukono wangu hauna dawa. Ungekuwa nayo, ningeanza na meno yangu. Kasketi ni ya jua. Siku ya mvua Marcellin aiache nyumbani.

Kwa hiyo usimuite. Amebaki gardien, na mimi nimebaki nyuma ya goli. Kuja wewe mwenyewe, tarehe nane ya mwezi ujao tunacheza. Nitakuwekea fasi karibu yangu. Ulete kofia.

Unisalimie papa Venant na binti yako Euphrasie. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na hilo goti pia aliangalie.

Mimi mukubwa wako, nakupenda kuliko unavyojua,

Agathe