Dakika Tano Juu ya Mstari wa Rangi

Mwenzangu, shemeji yako amenivua nguo leo mbele ya mtaa mzima.

Unakumbuka ni yeye mhandisi aliyesaini zile kingo za zege za njia ya baiskeli zing'olewe, eti wenye maduka wapate pa kuegesha magari. Akabakiza mstari wa rangi. Leo ameitisha mkutano palepale barabarani, anatuelimisha: "Mstari unatosha. Madereva ni watu wazima."

Watu wazima. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu.

Muuza mikate, yule mama wa baiskeli nyekundu, akamwambia taratibu, "Baba, basi simama juu ya mstari dakika tano tu, uyape magari mgongo."

Kwa ubishi wake, akasimama. Na mikono akakunja.

Dakika ya pili likapita lori, kioo cha pembeni kikamvua kofia. Kofia, mwenzangu. Kichwa kilikuwa humo ndani. Mwanaume mzima akarukia mtaroni na suti yake, akatua kwa magoti.

Hakuna aliyecheka. Muuza mikate akamwokotea kofia, akamwambia, "Mimi napita hapo kila asubuhi."

Sasa yuko sebuleni, anataka nimkande magoti. Ajikande mwenyewe. Eti namwonea, mbona hakuna aliyeumia.

Nimemwekea baiskeli ya binti yetu mlangoni. Kesho ni shule, na njia ni hiyohiyo. Nimemwambia atakimbia kando ya mwanawe, upande wa magari. Kingo amezing'oa, basi awe ukingo yeye.