Karanga Kando ya Cherehani

Mpwa wangu Neema,

Huku mtaani Yeoville tu wazima, mvua ya Desemba inatunyeshea kila alasiri. Unauliza uwape nini watoto likizo hii, maana wanacheza mpira kutwa na kushindia chipsi za spaza, kile kiduka cha mtaani, nawe cherehani haikuachii nafasi.

Bibi yako naye alishona hivyohivyo nguo za Krismasi, kule Kalemie. Aliniketisha miguuni pake na kinu. "Twanga, bingwa." Nikatwanga karanga za kukaanga, nikaziponda na ndizi mbivu, nikafinyanga vidonge. Nikila viwili naishinda treni mbio, uliza yeyote. Cherehani ikiimba, kinu kikiitikia, mchana ukapita kama usingizi.

Wape kinu, wakae hapo ulipo. Mimi ladha ya vidonge vile nimeisahau. Nakumbuka goti la mama likigusa mgongo wangu.

Mjomba wako