Sinia Moja na Mwanasha

Msambweni, Ijumaa, 1999

Alhamdulillahi, leo Mama amekula na dada yangu Mwanasha.

Tangu apatikane na virusi vya Ukimwi, Mama alikuwa akiitenga sahani yake. Leo mchana Njeri, mwenzangu wa mapokezi pale hotelini, alinifungulia intaneti. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ukiuza dawa ya kuponya kabisa.

“Achana nao, hao wanataka pesa tu,” akasema. “Tutafute wa madaktari.”

Tukaupata. Ulisema kula pamoja hakuambukizi.

Jioni nilimweleza Mama. Akapakua wali kwenye sinia moja.

“Mwanasha, njoo tule, mwanangu.”

Dawa za kweli, za kupunguza makali ya virusi, bado bei yake hatuiwezi, na hilo linanitisha. Lakini nimemsikia dada yangu akicheka huku mdomo umejaa wali.