Mwalimu Ambaye Hakuchunguzwa

Baba Watoto,

Chakula kimo kwenye sufuria, kipashe moto. Mdogo yuko kwa jirani, mfuate kabla hajasinzia. Dada yake ninaye mimi. Tunakwenda polisi, halafu hospitali.

Asubuhi nilikuwa namfunga mkanda wa karate, akanishika mkono. "Mama, mwalimu alisema nisimwambie mtu. Wewe ni mtu?"

Nikamwambia, "Mimi ni mama yako."

Ndipo akasema. Mazoezi yakiisha humbakiza peke yake na kufunga mlango. Mengine siwezi kuyaandika hapa.

Nikapiga simu kwenye klabu alikotoka huyo mwalimu. Kiongozi wao akaniambia, "Tulimwondoa kwa mambo ya watoto. Nyinyi hamkutuuliza."

Kweli hatukuuliza. Wazazi walipotaka achunguzwe kwanza, na asiachwe na mtoto bila mtu mzima mwingine, wewe mwenyekiti wa klabu yetu ulicheka. "Huyu nimekua naye. Tumchunguze kama mwizi?" Watu wakaona haya, yakaishia hapo.

Usimpigie rafiki yako simu, nakuomba. Asije akatoroka.

~~Usitufuate.~~ Ukishamlaza mdogo, muache na jirani, uje. Mletee dada yake sweta, ametoka na fulana tu, na mimi akili haikuwepo.

Anaogopa utamkasirikia kwa sababu ya rafiki yako. Nimemwambia baba hawezi. Hakuniamini. Uje umwambie mwenyewe.

Mama Watoto