Kinyungu cha Bibi Harusi

Jumanne. Ukungu tangu alfajiri, na baridi ya kuuma masikio.

Na kicheko chake, hicho sikukiandika humu mara ya mwisho. Gaudensi akicheka hufunga macho kabisa, kama anayesali, nami hujikuta nacheka kabla sijajua sababu. Mume wangu! Bado naliandika neno hilo kwa madaha. Yuko Usangu anapima maji ya mito, mimi niko huku Igowole kwa mama yake, nalinusa koti lake lililobaki msumarini. Mama mkwe alinifumania nikilinusa, akatoka kimyakimya.

Nina furaha kupita kiasi. Ndiyo maana naona haya kuandika kwamba nimekata tamaa.

Alipoondoka aliniachia kazi. Kwa kuwa nina kidato cha nne na nafundisha kisomo cha watu wazima, niwafafanulie akina mama maneno ya ofisini kwake, hasa hili: maji ya ardhini. Mabomba ya kijiji yatatoka kwenye chemchemi yetu, lakini ofisi itarudi kuipima mwisho wa kiangazi. Ikipungua, mabomba yatapelekwa kwingine. Nayo inapunguzwa na vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi kwa kuchimba mifereji ili udongo chepechepe utoe maji.

Nilitafuta mfano mpaka nikauona umeanikwa kwenye uzio. Nikawaambia: blanketi zito ukilifua na kulianika, hudondosha maji mpaka kesho yake ingawa hakuna anayelimwagia. Kilima hunywa mvua ya masika, kisha hulinywesha bonde polepole. Bonde ndilo blanketi, na chemchemi ni ile pembe inayodondosha. Mfereji ni mkono unaolikamua.

Wakaelewa. Bibi Yustina, ambaye huniita mwalimu wa juzi, alirudia yote kwa Kihehe na wenzake wakaitikia. Nilirudi nyumbani narukaruka. Nilitamani Gaudensi angeniona.

Jana asubuhi nikawakuta bondeni na majembe. Walikuwa wameviacha vinyungu vya zamani na kusogea juu, hadi pembeni mwa jicho la chemchemi. Bibi Yustina alinieleza kwa upole kwamba mvua ya mwaka huu ilikuwa haba, vinyungu vya chini vimekauka mapema, na hawakujua maji yaliyobaki yamejificha wapi mpaka nilipowafundisha.

Akanishukuru.

Nikaanza kusema habari za mabomba. Mama mkwe, aliyekuwa akilima pamoja nao, alifuta mikono kwenye khanga yake, akanijibu kama anayembembeleza mtoto.

"Mwanangu, tumekuelewa vizuri sana. Bomba likija tutashukuru. Lakini mwezi wa kwanza, ghala likiwa tupu, watoto tutawachemshia maji hayo?"

Ni kweli. Tangu tuhamishiwe kijiji kipya, mashamba ya mlimani yako mbali, na hapa karibu tumebakiwa na bonde tu. Nilidhani neno likieleweka kazi imekwisha. Kumbe mtu anaweza kuelewa kila kitu na bado njaa ikawa palepale.

Kisha mama mkwe akanishika mkono. Kwenye ukoo huu bibi harusi ni mgeni mpaka mama mkwe amkatie kinyungu chake mwenyewe, na wengine husubiri sana. Mimi nimekatiwa mbele ya wote, kipande kizuri kuliko vyote.

Kiko kwenye jicho lenyewe.

Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi Yustina akauliza kama huko sekondari jembe hushikwa kama kalamu. Nililia, wakadhani ni furaha, na kwa kweli nusu yake ilikuwa furaha. Nani angekataa kupendwa hivyo?

Nikachimba.

Leo nimepanda maharage. Maji ya mfereji wangu ni baridi, safi, yanakimbia kama yameitwa. Nimeyatazama yakiondoka, na sioni namna ya kuyarudisha. Nikiufukia mfereji, nimemkana mama. Nikiuacha, Gaudensi atakuja na vipimo vyake na kukuta blanketi limekamuliwa na mkewe.

Sitaki aukute mfereji kabla hajaniona mimi. Ayasikie haya kinywani mwangu, hata kama safari hii macho yake hayatafumbwa na kicheko. Maharage yangu hayatakuwa yametoa maua bado. Nitapanda basi la Mbeya, nishuke Chimala, niulize njia ya Usangu. Nakuja, mume wangu, kabla mwezi huu haujaisha.